Kwa nini visiwa vyako bado vina makaburi

SWALI: Shikamoo ami. Mimi ni kijana wa Malindi, naendesha mchezo wa kuigiza wahusika kwa wenzangu wanne, tunatumia kanuni za Dungeons & Dragons, toleo la 5. Nimetunga visiwa vinavyofanana na Lamu ya zamani: majahazi, nyumba za mawe, masultani wanaogombana. Juzi mchezaji mmoja akaniuliza, ikiwa kuhani anafufua maiti na mganga anatoa chakula hewani, mbona visiwa vyako vina masikini, vina wakulima, vina makaburi? Nilikosa la kusema, nikamwambia atupe dadu tuendelee. Je, niufute uganga au niibadili dunia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usifute kitu. Huyo mwenzako kauliza swali zuri, ila kitabu cha kanuni kakisoma kama mpiganaji: kaona uganga unafanya nini, akageuza ukurasa. Mimi nimelelewa dukani Langoni, mtaa wa Lamu, nikipima mchele na kuandika madeni kwenye daftari la baba. Tangu siku ya kwanza nilipokishika kitabu kile, macho yangu hukimbilia kwenye masharti: unagharimu nini, unafanyika mara ngapi kwa siku, unamkataa nani. Dunia yako inachipuka hapo.

Tuelewane maneno kwanza. Mtu ana ngazi, uganga una daraja. Kuhani wa ngazi ya 1 anaweza uganga wa daraja la 1 tu, tena ana nafasi mbili kwa siku. Akizimaliza, mpaka alale. Kufufua aliyekufa zaidi ya dakika moja ni daraja la 5, na hafiki huko mpaka awe ngazi ya 9, ambapo ana nafasi moja ya daraja hilo kwa siku nzima. Kanuni hazikwambii mjini mna watu wangapi wa ngazi ya 9. Namba hiyo unaiweka wewe, na ukishaiweka umeshapanga siasa yote ya visiwa vyako. Mimi nimeweka mmoja tu kwa mji wa watu elfu kumi, na fujo anayonipa huyo mmoja inanitosha.

(Jambo la pembeni kabla sijasahau: dini yetu siiingizi mezani. Makuhani wa visiwani kwangu wana mahekalu yao na miungu yao ya kubuni, na nikisema hapa mambo ya eda na mirathi, nasema kwa kufananisha tu. Fanya hivyo hivyo, utalala vizuri.)

Haya, tuje kwenye maiti.

Kitabu kinataka almasi ya dhahabu 500, yaani yenye thamani ya sarafu 500 za dhahabu, na ikishatumika imeteketea. Kitabu hicho hicho, kwenye bei za vibarua, kinasema mtu asiye na ujuzi analipwa sarafu 2 za fedha kwa siku, na fedha 10 ni dhahabu 1. Basi almasi moja ni fedha 5,000, ambazo ni siku 2,500 za kibarua. Hiyo ni karibu miaka saba bila kula, bila kuvaa, bila kupumzika hata siku moja. Mchukuzi wa gatini akiangukiwa na boriti, anazikwa. Mwenzako amejibiwa kuhusu makaburi, na ungeweza kuishia hapo.

Lakini ukiishia hapo utakuwa umepoteza utamu wote, kwa sababu kisa kinaanza anapokufa tajiri. Nani atanunua almasi? Mali yake imeshakuwa ya warithi. Wafikirie ndugu watatu wamekaa barazani, baba yao yumo ndani amefunikwa shuka, na wanatakiwa watoe dhahabu 500 ili mzee aamke awanyang'anye zote zilizobaki. Sisi watu wa pwani tunajua mirathi inavyoweza kuitafuna nyumba hata pale marehemu ametulia kaburini. Mzee mwenye akili hatawaachia wanawe uamuzi huo. Ataiweka almasi yake amana angali hai, kwa mtu asiyerithi kitu kwake. Au ataweka wakfu, shamba la minazi ama duka moja, mapato yake yanunue almasi na yasiguswe kwa jambo jingine. Vikipita vizazi viwili, watunza amana watakuwa na nguvu kuliko sultani, maana kila mkubwa wa mji uhai wake wa pili umo nyumbani mwao. Zile zidaka za chumba cha ndani, ambamo mabibi zetu walipanga vyombo vya Kichina, wao watapanga almasi, kila moja na jina la mwenyewe. Na kama unataka mji uwake moto usiku mmoja, eneza uvumi kwamba moja kati ya hizo ni kioo.

Kisha yapo masharti ya siku. Kufufua kwa daraja la 5 hakumfikii aliyekufa zaidi ya siku 10. Kwetu eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na inahesabiwa tangu kifo. Je, kwako, katika zile siku kumi za mwanzo mwanamke yule ni mke au ni mjane? Urithi ugawiwe au ungoje? Anayemdai marehemu adai kwa nani? Mimi nimezipa jina, Kumi la Kungoja, na ndani yake kila kitu kinachomhusu maiti kinasimama: deni halidaiwi, nyumba haiuzwi, chombo chake haking'oi nanga. Unaweza kuona wafanyabiashara watakavyoitumia. Mshirika anayetaka kukuzuia usisafiri msimu huu hana haja ya kukushtaki, akifa tu mtu mwenye hisa moja kwenye jahazi lako umekwama siku kumi, na upepo haukungoji.

Kuna uganga mwingine, daraja la 2 tu, wa kuhani wa ngazi ya 3, ambaye hata mji mdogo unaweza kuwa naye. Anaweka chumvi kidogo na sarafu ya shaba juu ya kila jicho la maiti, na kwa siku 10 mwili hauozi wala siku hizo hazihesabiwi. Kwa mpiganaji huo ni uganga wa kupuuzwa. Kwa mwenye duka ndio uliojenga jamii, maana umempa masikini muda wa kuchangisha. Kila Mkenya analijua jambo hili: bili ya hospitali imefika, kikundi cha simu kimefunguliwa, shangazi wa Garsen ametuma mia mbili, fulani ameona ujumbe akanyamaza. Kwenye visiwa vyako maiti atalala na sarafu machoni, ndugu watazunguka nyumba kwa nyumba, na kila baada ya siku kumi kuhani atarudi. Mtu anaweza kukaa hivyo mwaka. Anayepita nje atauliza, "Mmefika wapi?" naye atajibiwa, "Tumebakisha dhahabu mia na arobaini."

Halafu kuna vyama. Fundi mwenye ujuzi, kwa kitabu hicho hicho, analipwa dhahabu 2 kwa siku, ambayo ni mara kumi ya kibarua. Mafundi ishirini na watano wakitoa dhahabu 20 kila mmoja, yaani kazi ya siku kumi tu, wana almasi moja kabatini. Kibarua akitaka kuingia chama hicho, dhahabu 20 ni siku 100 za jasho lake. Unaona mji unavyopasuka? Seremala na mwashi wana chama. Mchukuzi na mkata boriti hawana. Wazee wetu waligawanya watu kwa nasaba, waungwana huku na wengine kule. Visiwa vyako vitagawanya watu wa mara mbili na watu wa mara moja, na wa mara mbili hatamwoza binti yake kwa wa mara moja hata awe na sura ya mwezi.

Sasa sharti ninalolipenda kuliko yote. Kuhani lazima aiguse maiti. Aliyezama baharini hana maiti. Upo uganga wa daraja la 9 usiohitaji mwili, lakini almasi zake ni dhahabu 25,000, na kibarua angezifanyia kazi zaidi ya miaka 340. Kwa hiyo bahari ndiyo mahali pekee ambapo tajiri na mchukuzi wanakufa sawasawa. Matokeo yake ni mengi, na mengine sikuyaona mpaka wachezaji walipoyagusa. Matajiri hawapandi chombo, wanatuma. Nahodha anakuwa mtu wa namna yake, anadharau wa nchi kavu na kuogopwa nao. Nyimbo za maombolezo, ambazo mjini zimekaribia kufa kwa sababu kila anayeomboleza anaficha aibu ya kukosa mchango, zinabaki kwa wake wa mabaharia, na zinakuwa nzuri kupita zote. Na muuaji anajua la kufanya. Kitabu kinasema mwili uliokosa kiungo cha uhai, kichwa kwa mfano, haufufuki. Basi sheria ya visiwani itakuwa na mauaji ya namna mbili. Aliyeua akaiacha maiti nzima anadaiwa almasi, na kwa tajiri hilo ni deni kama madeni mengine. Aliyekata kichwa au kuitosa maiti baharini, huyo hana fidia.

Lipo sharti la mwisho la kufufua ambalo waendesha mchezo wengi hulisoma haraka: roho yenyewe ikubali kurudi. Maana yake inaweza kukataa. Mume ameitwa, almasi imeteketea, watu wamejaa ukumbini, na hakuamka. Mji mzima utamtazama mkewe kwa jicho gani kesho sokoni?

Na aliyekufa kwa uzee hata ule uganga wa daraja la 9 haumrudishi; kwa daraja la 5 kitabu hakisemi, nami nimeamua iwe hivyo hivyo. Hilo ni dogo, lipitie tu, ila angalia jinsi mazishi ya mzee wa miaka tisini yatakavyokuwa ndiyo mazishi pekee yasiyo na ugomvi.

Chakula ni hesabu fupi. Mganga wa miti wa ngazi ya 1 anatoa vitunda kumi kwa nafasi moja, na kitunda kimoja kinamshibisha mtu siku nzima. Nafasi mbili, vitunda ishirini, watu ishirini, tena havikai zaidi ya saa 24. Mji wa watu elfu kumi ungetaka waganga 500 wasiofanya kitu kingine maishani mwao. Wakulima wako wapo salama. Lakini tazama hiyo namba ishirini tena kwa jicho la mtu wa bahari. Ni mabaharia wa jahazi moja. Kila nahodha atataka mganga mmoja chomboni, atamlipa kwa fungu lake la faida kama baharia yeyote, na huyo mganga kijana wa ngazi ya 1, ambaye bara angekuwa mtu wa kuotesha dawa nyuma ya nyumba, bandarini anagombewa. Uganga wa chakula haukuondoa njaa ya masikini hata kidogo. Ulirefusha safari.

Ila na yeye ana kuchagua. Daraja hilo hilo la 1 lina uganga wa kutoa maji, galoni 10, kama lita 38. Akitumia nafasi zote mbili kwa vitunda, watu wanashiba na pipa la maji linakauka. Nahodha wangu mmoja aliamua nafasi moja iwe ya maji, nyingine ya vitunda kumi, na nusu ya mabaharia wavue. Samaki wako chini ya chombo, maji ya kunywa hayako. Sikumfundisha mchezaji yule jambo hilo. Babake ni mvuvi wa Matondoni.

Kuhusu maji nina kisa. Hapo ng'ambo yetu, kisiwa cha Manda, kuna magofu ya Takwa, mji uliohamwa karne ya 17, na sababu inayotajwa sana ni visima vyake kugeuka chumvi. Masimulizi yanasema watu walivuka wakaja Shela. Nikautia mji kama huo mezani. Mchezaji mmoja akasema kuhani wake atasafisha visima, maana upo uganga wa daraja la 1 wa kutakasa chakula na maji. Kitabu kinasema unaondoa sumu na ugonjwa. Je, chumvi ni sumu? Tulibishana kuanzia Isha mpaka karibu na Alfajiri. Mmoja alisema anayekunywa maji ya bahari anakufa, basi ni sumu. Mwingine akasema basi na pojo lililozidi chumvi tulitakase. Mwishowe nikaamua chumvi si sumu, na mji ukafa. Ningeamua vinginevyo, Takwa ingekuwa na watu hadi leo na Shela isingejaa. Nakwambia hili ujue kwamba neno moja ambalo kitabu hakikulifafanua linaweza kuhamisha mji, na anayelifafanua ni wewe. Andika uamuzi wako kwenye daftari, kwa sababu watakuja kukukumbusha.

Upepo nao wachezaji hudhani umeshatatuliwa. Kuna uganga wa daraja la 2 wa kuvumisha upepo, lakini unakaa dakika moja na unafika futi 60. Kwa huo utalitoa jahazi lililokwama penye mikoko, hutafika Maskati. Wa kubadili hali ya hewa kwa saa nane ni daraja la 8, mwenyewe ni mtu wa ngazi ya 15, na mtu wa ngazi ya 15 hachukui kazi ya utingo wa chombo. Kwa hiyo kaskazi itaendelea kuwaleta Waarabu mwishoni mwa mwaka na kusi itawarudisha, na kalenda yako ya madeni, harusi na vita itafuata pepo hizo mbili kama ilivyokuwa kwetu. Maji kupwa na kujaa ndiyo yana hatari zaidi. Unajua kisa cha Vita vya Shela, miaka ya 1810 na kitu, Pate na Mazrui wa Mombasa walipokuja kuipiga Lamu. Husimuliwa kwamba waliposhindwa wakakimbilia vyombo vyao, walikuta maji yamekupwa, vyombo vimekaa mchangani. Sasa uganga wa daraja la 4 unainua maji hadi futi 20 ndani ya eneo la futi 100 kila upande. Kuhani mmoja wa ngazi ya 7 upande wa Pate, na vyombo kadhaa vinaelea, wakubwa wanatoroka, na historia ya pwani hii inageuka. Mtu mmoja! Ndiyo maana nilikwambia namba ya watu wa ngazi ya juu uifikirie usiku kucha.

Duara la kusafiria, la kumfikisha mtu mji wa mbali papo hapo, ni daraja la 5. Kulifanya la kudumu unalichora kila siku mwaka mzima, kila siku chaki na wino wa dhahabu 50, jumla dhahabu 18,250. Mlango wake unakaa wazi kama sekunde sita. Jahazi la boriti halipiti hapo. Zitapita barua, almasi, na wajumbe wanaokimbia. Basi vitu vizito na rahisi vitabaki baharini, na vyepesi vya thamani vitaruka. Kubwa zaidi ni habari: mwenye duara anajua bei ya pembe huko ng'ambo leo asubuhi, na asiye nalo anaijua msimu ujao. Faida ya mfanyabiashara wa zamani ilikaa ndani ya kutojua kwa mwenzake. Ukitaka sababu ya masultani wako kupigana, usihangaike na wivu na wanawake. Mpe mmoja duara.

Sasa nije kwenye uganga ambao ukinilazimisha kuchagua mmoja tu wa kubadili jamii, nitauchagua huu, hata mbele ya kufufua. Ni ule wa kweli, daraja la 2. Hauna gharama yoyote. Kuhani wa ngazi ya 3 anaweza mara mbili kwa siku, dakika kumi kila mara, na kuhani anajua nani umemshika na nani umempita. Aliyeshikwa hawezi kusema uongo. Kitu kisicho na bei kinaenea, kwa hiyo utaukuta kortini, sokoni, kwenye posa, penye kuuza ng'ombe. Dunia isiyo na uongo, sivyo? Soma mstari wa mwisho: aliyeshikwa anajua ameshikwa, na anaweza kukwepa swali maadamu hakutamka uongo.

Mwanangu, ni watu gani duniani wamezaliwa kwa ajili ya sharti hilo kama si sisi? Fumbo! Ushairi wa kujibizana kati ya Lamu, Pate na Mombasa katika zama zile za Vita vya Shela ulijaa watu kurushiana maneno kwa mafumbo. Kwenye visiwa vyako fumbo litakuwa ngao. Mtoto wa nyumba kubwa atafundishwa tangu ana miaka saba kujibu kwa ukweli usiojibu. "Uliiba almasi?" "Mimi na almasi, nani alimtangulia mwenzake duniani?" Mtu anayesema waziwazi ataonekana mshamba, na anayejibu "ndiyo" au "siyo" ataonekana hana wazazi. Mawakili watakuwa washairi kweli kweli, wenye kulipwa kwa ubeti. Na uganga unafunga ulimi, haufungi nguo. Mwanamke mmoja mezani kwangu alimfanya mhusika wake aingie barazani kwa hakimu amevaa leso yenye maneno ya uongo mtupu, akakaa kimya, akanyoosha leso. Nilicheka mpaka nikapoteza mahali tulipofika. Nilimpa ushindi.

Bado hujaniuliza nani atatawala, lakini utauliza. Wapo wanaosema mtu wa ngazi ya juu hashindwi na umati, basi kila mji utakuwa wa dikteta mwenye upanga. Katika toleo hili sivyo. Dadu ya pande ishirini ikionyesha 20, pigo limeingia, adui awe nani. Chukua mpiganaji wa ngazi ya 9 mwenye pointi za uhai 76, na watu 100 wa kawaida wenye pinde ndogo, umbali usiozidi futi 80. Katika kila sekunde sita, watano watapata 20, na pigo la 20 linarudufu dadu za madhara, wastani pointi 7. Hiyo ni 35 kwa mpigo. Sekunde 18, mfalme yuko chini. Sharti ni kwamba hao mia wapate pa kusimama. Kwenye vichochoro vya Mkomani, mtaa wa hapa Lamu, ambako punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja lazima arudi nyuma, hawapati. Mtu wa ngazi ya juu atapenda vichochoro vyembamba, na raia watapenda mapaa. Ugomvi wa mji wako utakuwa juu ya nani anaruhusiwa kupanda paa la nani. Lamu ilikuwa na baraza la wazee, Pate ilikuwa na sultani. Unaweza kueleza tofauti yao kwa ramani peke yake.

Jambo moja lisilofurahisha, na usilikwepe. Kama visiwa vyako ni Lamu ya zamani, basi nafaka yake ilitoka mashamba ya bara yaliyolimwa na watumwa, na utumwa kwetu haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1907. Kanuni za mchezo zinasema yeyote anaweza kupanda ngazi. Katika matoleo ya mwanzo, mchezo ulipotoka mwaka 1974, uzoefu, ambao ndio unaompandisha mtu ngazi, ulipatikana hata kwa hazina uliyoitoa mahali pa hatari. Katika toleo lako unapatikana hasa kwa kuyashinda majoka na mazimwi. Vyovyote vile, mwenye shamba anajua kwamba yule anayelinda mtama wake usiku dhidi ya viumbe wa msituni anakua. Atamnyang'anya mkuki, aliwe na chui? Au atamwachia, na baada ya miaka mitano awe ameajiri mlinzi mwenye nguvu kumshinda yeye, na asiye na sababu ya kumpenda? Masikini wako wapo, na hapo ndipo walipo. Mwenzako mwambie hivyo.

Kuhusu lile swali la mwisho, ufute au ubadili. Chukua kanuni tano tu. Mimi ningechukua almasi, sarafu za macho, vitunda vya chomboni, uganga wa kweli, na duara moja lililo mikononi mwa mtu asiyefaa. Hizo zifuate mpaka mwisho wake. Zilizobaki ziache zilale kitabuni; ziliandikwa kwa ajili ya watu wanne wanaoingia pangoni, na ukizifuata zote utakuwa mhasibu asiye na wachezaji. Nilishafanya hivyo mwaka wangu wa pili. Nilikuja na kurasa arobaini za bei, na wenzangu walilala.

Wiki ijayo anza hivi. Mashua inaingia mkondo wa Lamu yako jioni, imetoka Malindi yako. Ndani yake kuna maiti ya mfanyabiashara, sarafu mbili za shaba machoni. Kuhani aliyeziweka hakupanda chombo, na kesho alfajiri siku zake kumi zinakwisha. Mtunza amana anasema almasi ya jina hilo ilishachukuliwa mwezi uliopita, na anayesema hivyo amesimama ndani ya eneo la uganga wa kweli. Sarafu moja, wachezaji wakiitazama vizuri, si ya shaba.